Filimbi Ndani ya Sampuli

"Mama, hii kitu kazi yake nini?"

Swali lilikuwa hilo tu, na mtoto wa darasa la tatu angelijibu bila kuinua kichwa. Lakini Nerima alikuwa amesimama mbele ya meza ya forodha ya Busia tangu saa mbili asubuhi, miguu imemvimba, chai hajanywa, na mtu wa namna hiyo akiulizwa jambo jepesi hudhani kuna mtego. Akageuka kumtafuta Clifford, wakala wake. Clifford alikuwa dirishani anaongea na simu. Mawakala, jamani! Ukiwahitaji wako kwenye simu, wakikuhitaji wako mlangoni kwako.

Kitu chenyewe kilikuwa pale mezani. Kisanduku cha plastiki angavu, kirefu kama kiganja na nusu, bado kina nailoni ya buluu ya kiwandani pande tatu. Upande wa nne nailoni ilikuwa imebanduliwa, na hapo plastiki ilikuwa safi hata ungedhani hakuna kitu, mpaka kidole kigonge. Nerima alikuwa na mia nne na themanini vya namna hiyo, katoni arobaini, vimetoka China vikashuka Mombasa, na sasa vilikuwa boharini nyuma ya ukuta ule ule. Huko Kampala kuna watu, na msicheke, wanaonunua vigari vya kuchezea wasivichezee, na mipira yenye sahihi za wachezaji wasiipige. Wanavifungia ndani ya visanduku hivi, wanavitazama. Mwenye duka mmoja aliahidi kuchukua mzigo wote kwa sharti moja tu, nailoni isibanduliwe na kifuniko kisifunguliwe. Kikishafunguliwa, alisema, hicho ni mtumba.

"Ni ya kuweka kitu, Madam," Nerima alijibu.

"Kitu gani?"

Afisa huyu aliitwa Sandra, na ni haki kusema mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Mbele yake palikuwa na kitabu cha ushuru, na juu ya ukurasa ameweka rula. "Angalia, Mama. Kama hii ni ya kufungasha, mtu ananunua bidhaa inasafiri ndani yake, inakwenda hapa. Ushuru kidogo. Kama ni ya kukaa nyumbani, ya kupamba, inakwenda hapa." Rula ikashuka mistari minne. "Kutoka hapa mpaka hapa ni milioni moja na laki nane."

Nerima alikuwa na pesa ya mstari wa juu, basi. Cherehani yake ilikuwa imeuzwa, mkopo wa kikundi cha akina mama ulikuwa umeingia humo, na hata shilingi ya nauli ya kurudi kwake Sikuda alikuwa ameihesabu.

"Nilisema mje na mfano," Sandra akaendelea. "Nionyeshe kitu watu wanaweka ndani."

Sasa sikilizeni. Jana yake Clifford alikuwa amempigia simu: kesho uje na kitu cha ukumbusho, mathe, kidogo tu, tumwonyeshe. Clifford alikuwa na maana ya kigari cha mtoto, au chupa ya manukato, kitu cha dukani. Lakini nyumbani kwa Nerima hapakuwa na kigari. Kitu cha ukumbusho pekee kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wa mlango wa mbele, filimbi ya shaba ya baba mkwe wake, Mzee Patroba, aliyekuwa gadi wa treni pale Tororo kwa miaka thelathini na moja. Nerima aliitungua akiwa na haraka, akaitia mkobani.

Akaitoa sasa. Sandra akaipokea kwa vidole viwili, akaiweka ndani, akabana kifuniko. Kikalia *tak*.

"Itakaa humo siku ngapi?"

"Siku?" Nerima alishangaa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaona ameulizwa jambo analolimudu. "Madam, hii ni ya marehemu. Kwani ukumbusho wa mtu mnautupa? Itakaa humo milele."

Clifford alikata simu na kuruka, lakini kalamu ilikuwa imeshafika mwisho wa mstari. *Matumizi: kuhifadhi na kuonyesha nyumbani.* Rula ikashuka.

"Mathe! Si nilikwambia useme kufungasha? Neno moja tu!"

"Hukuniambia kwa nini!"

"Tunapinga," Clifford akamwambia afisa. "Andika tunapinga."

Na hapo ndipo alipomaliza kuiharibu kazi. Mwenye mzigo akipinga, sampuli hufungwa vile vile ilivyoletwa, ikasubiri uamuzi. Sandra akatoa utepe wa forodha, akauzungusha mara tatu, akatia sahihi na tarehe juu ya maungio.

"Na filimbi?" Nerima aliuliza.

"Ni sehemu ya sampuli, Mama. Pole sana."

Utepe ulipokuwa unapita mara ya tatu, Nerima aliona ukungu. Kidoa kidogo tu, ndani, mbele ya mdomo wa filimbi. Kilitokea, kikapotea, kikatokea tena. Sandra naye alikiona, maana alipangusa plastiki kwa mkono wa sweta yake. Hakikutoka. Akakigeuza kisanduku kikatazama ukutani, akaita mtu wa pili kwenye foleni.

&nbsp;

Maloba alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Mumewe huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliutazama msumari wa mlangoni, akamtazama mkewe, akautazama msumari tena.

"Mama Quinter. Filimbi ya Mzee iko wapi?"

Nerima akasema yote, haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. Alipofika kwenye utepe, akauzungusha kwa kidole hewani, mara tatu.

Usidhani hakuwa anajua. Alijua, lakini kwa namna anavyojua mke aliyekuja kuolewa, ameambiwa mara moja akiwa anapakua chakula. Katika ukoo wa Mzee Patroba, kitu cha mwisho kugusa mdomo wa marehemu hakifungiwi siku arobaini. Hakitiwi mfukoni, hakitiwi sandukuni, hakifunikwi hata na kitambaa. Kinatundikwa mlangoni kipigwe na upepo, maana kikifungiwa, pumzi ya mrithi nayo hufungwa humo. Na Mzee, siku ile ya mwisho hospitalini, aliomba filimbi yake, akaipuliza ikatoa sauti ndogo, akaishiwa hapo hapo. Siku ya arobaini mwanawe wa kwanza, Maloba, angeishika filimbi hiyo katikati ya uwanja na kuipuliza kwa nguvu zake zote, na pumzi ya mzee ingekwenda zake. Padri wa parokia anajua jambo hilo, na siku hiyo huwa na safari.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Hii ilikuwa Jumanne.

Senge Benedeta, dada wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani akichambua maharage ya shughuli. Alikuwa amefika wiki nzima mapema ili kila kitu kiende sawa. Aliuliza swali moja.

"Hiyo mfuniko iko na tundu?"

"Haina, Senge. Ndiyo sifa yake. Hata vumbi haliingii."

Bibi yule akaweka ungo chini, polepole, maharage yakiwa nusu.

"Si ni siku nne tu," Maloba alisema, akijitia kucheka. "Senge, usitutishe. Kesho Mama Quinter atakwenda..."

Sentensi haikufika mwisho. Alisimama na mpini mkononi, mdomo wazi, akisubiri kitu. Kilipokuja kilikuja kidogo, akakimeza. Akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima, mwashi wa kubeba mifuko ya saruji miwili kwa mpigo, na akawatazama wote wawili kwa aibu.

&nbsp;

Jumatano asubuhi daktari wa kituo cha afya alimsikiliza Maloba kifua mbele na nyuma, akambana kile kidude cha kidoleni, akasoma namba, akakibana tena kwenye kidole chake mwenyewe kuhakikisha kinafanya kazi.

"Mzee, mapafu yako safi kuliko yangu."

Maloba alitaka kusema asante. Alifika kwenye *asa*.

Nerima alimwacha kwa Senge, akapanda bodaboda hadi Busia. Kwenye meza ya Sandra kisanduku kilikuwa kimefunikwa gazeti. Aliomba akione. Sandra alitazama kushoto na kulia kwanza, kisha akainua pembe ya gazeti.

Ndani kulikuwa kweupe kote. Filimbi haikuonekana. Ule weupe ulififia taratibu kuanzia katikati, shaba ikaonekana, halafu ukarudi. Ukafifia. Ukarudi.

"Ni unyevu," alisema Sandra. "Sababu ya ile mashine ya ubaridi."

Ofisi ile haikuwa na mashine ya ubaridi. Ilikuwa na panga-boi moja lililokufa tangu mwaka juzi, na kila mtu kwenye foleni alikuwa anajipepea na karatasi zake. Nerima akaliinulia macho panga-boi hilo. Sandra naye akaacha kujifanya, akainama karibu, akanong'ona kwa Kiswahili cha nyumbani kwao Tororo.

"Mama, mimi ni mtu ya kanisa. Lakini nimekaa na hii kitu jana mchana mzima. Nimehesabu na saa. Kwa dakika moja inakuja mara kumi na mbili. Mtu mzima amelala, anapumua hivyo."

"Kata utepe, Madam. Nakuomba. Nitoe filimbi tu, visanduku baki navyo."

"Nikikata muhuri bila karatasi, kazi imekwisha, na pengine nakwenda jela. Karatasi iko mbili. Ukishikilia kupinga, sampuli inapelekwa Kampala, wataamua baada ya wiki tano, sita. Ukikubali ule mstari wa chini, unasaini, unalipa, nakata hapa hapa."

Nerima alipiga magoti. Hakukusudia. Alishika ukingo wa meza, na nyuma yake dereva wa lori akapaza sauti: "Mama, kama ni maombi kanisa liko nje! Sisi tuna nyanya zinaoza!" Watu wakacheka. Clifford akaja akamwinua kwa kwapa, akampeleka nje penye jua.

"Usisaini. Nisikilize. Hiki ni kifungashio, kila mtu anajua, hata yeye anajua. Kampala tutashinda bila shida. Ukisaini leo umekula hasara, faida yote imeenda, na mzigo mwingine ukija watakukata hivyo hivyo."

Na kusema kweli, Clifford alikuwa sahihi. Ubaya wa siku ile ni kwamba kila aliyezungumza alikuwa sahihi.

"Clifford, mume wangu hapumui."

"Mpeleke hospitali kubwa."

"Nitawaambia pumzi yake iko wapi? Mezani kwa forodha?"

Clifford alitoa simu, akaitazama tu, akairudisha mfukoni.

&nbsp;

Palikuwa na fahali mmoja, wa Jumamosi. Watu wangetoka Kirewa, wangetoka ng'ambo ya Kenya, na shughuli ya siku ya arobaini bila nyama ni jambo ambalo ukoo hulisimulia kwa miaka. Nerima hakuthubutu kulisema. Ni Senge Benedeta aliyekwenda zizini mwenyewe alfajiri ya Alhamisi, akafungua kamba, akaiweka mkononi mwa Nerima.

"Uza."

"Senge, watu watasema nini?"

"Watakula maharage na watasema. Kwani kusema wataacha lini? Huyo mtoto wangu leo hawezi kumaliza jina lake."

Mchinjaji wa sokoni aliona jasho la Nerima kabla hajaona ng'ombe, akakata laki mbili pale pale. Pengo hilo Nerima alilijaza kwa kumwuzia mke wa mchinjaji simu yake nzuri, akabaki na ile ya vitufe. Saa nne na nusu alikuwa mezani kwa Sandra. Alisaini mahali pa kwanza, mahali pa pili, mahali pa tatu. *Nakubali kwamba bidhaa ni ya kuhifadhi na kuonyesha.* Alilipa benki, akarudi na risiti.

Clifford alisimama pembeni, kofia mkononi. Ada yake ilikuwa bado, na wote wawili walijua Nerima hana hata ya soda.

"Chukua katoni moja," alimwambia. "Utauza."

"Sio lazima leo, Mama Quinter."

"Chukua. Sitaki deni na mtu wiki hii."

Clifford akaenda boharini akachagua katoni iliyokuwa juu, na ilipofika saa sita ilikuwa kwenye buti ya basi la Kampala. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara, tusimlaumu.

Sandra akatoa kisanduku chini ya gazeti. Wote wawili wakainama kukitazama.

Kilikuwa kikavu. Safi, angavu, hakuna hata doa. Filimbi imelala ndani inang'aa, kila mkwaruzo unahesabika. Utepe ulikuwa mzima, mizunguko mitatu, sahihi haijavunjika.

"Unaona?" Sandra alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko lazima. "Si nilisema? Unyevu! Umekauka wenyewe." Akakata kwa mkasi, akafungua kifuniko, akampa filimbi kama anayerudisha kitu cha moto.

Nerima hakucheka. Pumzi ilikuwa humo jana, na mlango haukufunguliwa. Imetokea wapi? Alipiga simu nyumbani, Senge akapokea.

"Imetoka, Senge. Ninayo. Yeye anaendeleaje?"

"Mbaya kuliko asubuhi," Senge alisema. "Rudi."

&nbsp;

Filimbi ilirudi msumarini na haikusaidia kitu. Ijumaa, jua likiwa juu, lori lilileta katoni thelathini na tisa, wakazishusha uani karibu na mlango. Ndugu wa mbali walikuwa wameanza kufika, wameketi kwenye mikeka, wanamsikiliza Maloba ndani akivuta hewa kwa mlio mwembamba. Hakuna aliyeuliza fahali yuko wapi. Hiyo ilikuwa heshima yao.

Nerima alipasua katoni ya kwanza ili ahesabu. Akatoa kisanduku, akakiinua kwenye mwanga.

Chini ya nailoni ya buluu, ndani, kulikuwa kweupe. Kikafifia. Kikarudi.

Akatoa cha pili. Cha tatu. Akapasua katoni nyingine na nyingine, kwa kucha, mpaka uwanja mzima ukawa na visanduku, na kila kimoja kilikuwa kinapumua polepole pamoja na wenzake. Mama mmoja wa Kirewa akainuka akiwa na mtoto mgongoni, akarudi nyuma hadi kwenye ua. "Yesu na Maria," alisema.

Senge Benedeta alichuchumaa, akakitazama kimoja bila kukigusa.

"Ilitafuta njia," alisema. "Kila mlango iliyokuta ilikuwa imefungwa."

"Nifanye nini, Senge?"

"Fungua."

Jamani, ni rahisi kusema. Mia nne sitini na saba! Mwenye duka wa Kampala angekuja Jumatatu na lori lake na pesa taslimu, na kila nailoni iliyobanduliwa ilikuwa kisanduku kimoja kilichokufa. Nerima alisimama pale akaona cherehani yake, fahali, mkopo, karo ya Quinter ya muhula ujao, vyote vimelala kwenye nyasi mbele yake katika nailoni ya buluu. Aliona uchungu mkali, sitaficha, na kwa kitambo kidogo alimchukia mzee aliyekufa, akauchukia ukoo mzima na mila zake. Halafu ndani ya nyumba ule mlio mwembamba ukakoma. Walihesabu wote. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukaanza tena.

Nerima akaketi, akabandua nailoni. *Kraa.* Akafungua kifuniko. Kitu kikampita usoni, chepesi, chenye harufu ya tumbaku na dawa ya kusugua kifuani, na kisanduku kikawa kitupu.

Akachukua kingine. Senge akachukua kingine. Mama wa Kirewa akaja, akaketi, akampakata mtoto mbele, akachukua chake. Wanaume wakakunja mikono ya mashati. Walifanya kazi hiyo mchana kutwa, watu ishirini na kitu, hawaimbi, hawaongei, unasikia nailoni tu inavyopasuka. Ilipofika saa tisa Maloba alikuwa ameketi kitandani. Saa kumi alitoka hadi mlangoni, akashika mwimo. Kisanduku cha mwisho kilipofunguliwa alikuwa ameketi juani akiomba uji.

Watu wakashukuru Mungu kwa sauti. Nerima alicheka huku analia, akamletea uji, akamshikia kikombe. Maloba akanywa, akapumzika, akanywa. Lakini Senge Benedeta alikuwa anamtazama shingo.

Kila baada ya muda, pumzi ilikuwa inafika nusu na kusimama, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Kisha inaendelea.

"Mke wetu," Senge aliita. "Hivi vyote viko hapa?"

Nerima akaweka kikombe chini. Akakumbuka katoni ya Clifford.

&nbsp;

"Nilishaziuza jana jioni," Clifford alisema kwenye simu. "Kwa jamaa anaitwa Paddy, ana kaduka ka vitu vya ukumbusho. Kwani kuna nini? Amenipigia leo analalamika ziko na ukungu, anataka nimpunguzie."

"Nipe namba yake."

Paddy alikuwa na sauti ya mtu mcheshi. Alisikiliza habari ya filimbi kwa subira, akaguna mahali pa kuguna, na mwisho akasema, "Mama, mimi sikatai. Lakini nikifungua, ni mtumba. Nani atanunua? Wewe vinunue vyote kumi na mbili, nitafungua vyote kumi na mbili. Elfu ishirini na tano kimoja. Tuma kwanza."

Laki tatu. Senge Benedeta hakungoja aombwe. Alifungua fundo la kanga ambamo aliweka michango ya kesho, akahesabu noti, akampa ndugu mmoja mwenye pesa kwenye simu azitume. Kisha simu ya vitufe ikawekwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa mwisho, na uwanja mzima ukasogea.

"Zimefika," Paddy alisema. "Haya. Cha kwanza."

*Kraa.* Wakasikia kifuniko. Maloba akavuta pumzi, mabega yakashuka kidogo.

"Cha pili."

Walikuwa wanamtazama Maloba na kuisikiliza simu. Cha tano. Cha nane. Rangi ilikuwa inarudi midomoni. Cha kumi alikohoa kikohozi cha kawaida, cha mtu mwenye afya aliyepaliwa na uji, na mtu mmoja akapiga makofi. Cha kumi na moja.

Halafu simu ikanyamaza.

"Hallo?" Nerima aliinama. "Bwana Paddy? Bado kimoja."

"Hiki..." Sauti ilikuwa imebadilika, imeshuka, kama mtu anayeongea huku anatazama kitu kingine. "Hiki nimekiweka kwenye rafu ya juu, taa inakipiga. Mama, ungekiona. Kinakuja, kinaondoka. Watu wamejaa mlangoni wanatazama. Hiki hapana. Hiki nabaki nacho hivyo hivyo."

"Nimekulipa! Nimekulipa vyote!"

"Sikudhulumu, mama. Mimi si mwizi."

Simu ikakatika. Nerima alipiga, ikaita bila kupokelewa. Alipiga tena, ikawa imezimwa. Visanduku vitupu vilikuwa vimetapakaa kwenye nyasi na upepo unavigonganisha.

Simu ya yule ndugu ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma kwa sauti, bila kujua la kufanya zaidi ya kuusoma. "Umepokea shilingi elfu ishirini na tano."

Maloba aliinua uso kutoka kwenye kikombe chake.

"Nani ametutumia..." alisema, akasimama hapo, mdomo wazi, mkono umeinuka kidogo, na mkewe na shangazi yake na watu wote waliokuwa uwanjani wakasubiri pamoja naye, mpaka ilipokuja.

"...pesa?"